Jibu Nililompa Mwoshaji

Ijumaa, 4 Machi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ambaye hakuna pazia linalomzuia kuona.

Kwa mdogo wangu mpenzi, mkunga mstaafu. Amani ikushukie wewe na wote waliopita mikononi mwako wakiwa wachanga. Ama baada ya salamu, sisi huku tu wazima. Mjukuu wetu ametimiza miaka tisa, anasoma vizuri, na miezi saba hii anayoishi kwangu, tangu tumzike binti yangu, mama yake, hajanisumbua hata siku moja.

Nakuandikia nikiwa na kinyaa ambacho tangu jana hakijanitoka kooni. Kinyozi wetu, mtu ambaye ulimi wake haujapata kupumzika, ameanzisha kikao kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, katika ghala la zamani la nafaka nyuma ya tanuri la mikate. Watu hukaa kwenye mabenchi, kisha mmoja husimama akasimulia kwa sauti jambo lililomfika yeye mwenyewe. Hakuna anayeruhusiwa kumshauri, kumkosoa wala kumhukumu. Akimaliza, wote husema, "Tumesikia," naye hukaa. Eti kwa njia hiyo majirani watajuana.

Niliombwa nihudhurie ili kikao kipate heshima. Kinyozi alinipokea mlangoni: "Karibu Mwalimu! Leo masikio yafanye kazi, mdomo uende likizo." Ghala lilinuka vumbi la unga, soksi, na pumzi za watu sitini waliobanana. Akasimama muuza nyama, mwanamume wa kilo mia, akasimulia jinsi alivyokuwa akikojoa kitandani hadi umri wa miaka kumi na minne, na jinsi mama yake alivyolianika godoro barabarani ili aone aibu. Watu walicheka, yeye akacheka, kisha akalia, na kamasi zikamtiririka mpaka mdomoni bila kuzifuta. Wote wakasema, "Tumesikia." Nilichukua fimbo yangu nikaondoka.

Wewe unajua jinsi nilivyowahudumia watu hawa kwa miaka thelathini na sita. Mwenye swali la dini huliandika kwenye karatasi bila jina, akaipitisha chini ya mlango wangu. Nami huandika jibu nyuma ya karatasi ileile na kuiweka nje dirishani. Simjui muulizaji, naye hanioni. Hiyo ndiyo stara. Haya ya kujivua nguo mbele ya mabenchi ni uchafu, na sitaki mguu wangu uyakanyage tena.

Kuna habari njema pia. Mkwe wangu, fundi wa suti, amepata kazi katika mji wa mbali, naye ataondoka na binti yake shule zitakapofungwa. Tarehe 28 tutakwenda kwa hakimu wa familia, nami nitatia saini kwamba sina pingamizi. Kijana huyu nilimfundisha kitabu tangu akiwa mdogo. Mpaka leo kila Ijumaa akija hunibusu mkono. Na mtoto naye ana adabu ya ajabu: baba yake akiingia tu, yeye huenda jikoni kuosha vyombo, hata vilivyokwisha oshwa.

Mungu akuhifadhi.

Kaka yako,
Mwalimu


Jumamosi, 12 Machi

Kaka, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, nimecheka mara moja. Umeona kamasi za muuza nyama ukakimbia! Ungeshika kazi yangu hata asubuhi moja, ungezikwa kabla ya adhuhuri. Mimi nimetumia miaka arobaini katika vitu ambavyo wewe huwezi hata kuviandika, na sijawahi kuona mtu aliyetoka humo akiwa mchafu. Huyo kinyozi mwache. Watu wanaumwa na maneno yaliyowakwama, kaka. Wacha wayateme.

Lakini nina ombi. Hiyo karatasi ya hakimu usiisaini tarehe 28. Sema unaumwa mgongo, sema miwani imevunjika, sema lolote. Mlete mtoto kwangu kwanza likizo hii. Nyumba yangu ina vyumba viwili na mimi ni mmoja, na paka hajui kuongea. Baba yake akauzoee huo mji peke yake, akaone maji yako wapi na shule iko wapi. Haraka ya nini?

Usiniulize mengi. Nimekuomba mara chache sana maishani. Niwie radhi kwa ukaidi wangu, lakini hili nikubalie.

Umesema huosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Ameanza lini?

Mdogo wako,
Mkunga


Ijumaa, 18 Machi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Msitiri wa aibu za waja wake.

Mdogo wangu, baada ya salamu na kukutakia afya. Ombi lako nimelisoma, na nimeshangaa. Mtoto ni wa baba yake. Upweke wako unaniuma, lakini si hoja ya kumtenga mzazi na damu yake. Saini nitaitia. Swali lako la vyombo sikulielewa. Mtoto anapenda usafi, basi.

Sasa sikiliza lililonipata, maana lile la muuza nyama ni marashi mbele ya hili.

Jana nilirudi kule ghalani. Nilikwenda kwa sababu imamu wetu aliniambia kwamba mwosha maiti wa wanawake angesimama kusema, naye ni mwanamke niliyemfundisha mimi mwenyewe hukumu zote za kuosha. Nilidhani atasimulia safari yake ya hija. Nilikaa benchi la mbele.

Alisimama akiwa ameshikilia ncha ya kanga yake kwa mikono miwili. Akasema: "Mimi nimeosha wanawake mia tatu na kitu. Nitawaambia kuhusu mmoja. Jina lake silitaji. Nilipomgeuza ubavu, nikamwagia maji, mkono wangu ulikwama. Mgongoni alikuwa na alama za kuungua. Nyingine za zamani, nyeupe. Nyingine mbichi." Kisha akasema: "Nilimuuliza mwenye elimu nifanye nini. Akaniambia ninyamaze."

Mdogo wangu, maiti! Mtu asiyeweza tena kuvuta shuka ajifunike! Anaoshwa nyuma ya pazia, mlango umefungwa, na yule aliyeaminiwa kumfunika ndiye anayemtandaza mbele ya kinyozi na muuza nyama! Na mwenye elimu huyo, awe nani, alimpa jibu sahihi, naye kalipuuza.

Niligeuka nyuma ili nione kama kuna mwingine aliyeudhika. Ghala lote lilikuwa linanitazama mimi. Hawakumtazama yeye. Bila shaka walingoja nitoe hukumu, kwa kuwa ni mwalimu wake. Nilisimama nikatoka kabla hajamaliza.

Leo nimemwandikia imamu kwamba mwanamke huyo asiguse tena maiti yeyote wa mtaa huu. Mkwe wangu alipokuja kunisalimia nilimweleza yote. Alikasirika kuliko mimi. Alisema watu wa namna hiyo wafungwe midomo. Ameomba twende kwa hakimu mapema, Jumatano ijayo.

Kaka yako,
Mwalimu


Jumapili, 20 Machi

Mwalimu, shikamoo.

Barua hii naipitisha chini ya mlango kama tulivyozoea, ila safari hii nimeweka jina la kazi yangu chini, na ndani nimerudisha karatasi yako. Itazame kwanza kabla ya kuendelea.

Upande mmoja ni mwandiko wangu: "Mwosha maiti akiona alama za mateso kwenye mwili wa marehemu, awaambie ndugu zake?" Upande wa pili ni wako: "Asitiri. Mwili wa maiti ni amana. Atakayefichua aibu ya maiti, Mungu atafichua yake."

Niliileta siku ya tatu baada ya maziko ya binti yako. Mwalimu, ndugu niliyekusudia kumwambia ulikuwa wewe.

Mama yake alikwisha tangulia, shangazi yake alikuwa mbali, hakukuwa na mwanamke wa nyumbani wa kuingia nami kule ndani. Ningekuwa na mwingine, angekwambia yeye. Alikufa kwa homa ya mapafu, hilo ni kweli, daktari hakukosea. Lakini mgongo ule haukuunguzwa na homa. Nilihesabu alama kumi na moja. Zina umbo la pasi ndogo yenye ncha nyembamba, ile ambayo mafundi wa suti hunyooshea kola. Hilo nililisema Alhamisi, wewe ukiwa umekwisha toka.

Nilipopata jibu lako nilitii. Nilikuja mara mbili baadaye nikitaka kukwambia ana kwa ana. Mara ya kwanza ulisema kupitia dirishani, "Swali lako liandike." Mara ya pili ulisema, "Kama ni la kuosha, limekwisha jibiwa." Nikarudi. Mwenye elimu ni wewe, mimi kazi yangu ni ndoo na sabuni.

Ila wiki mbili zilizopita nilimkuta mjukuu wako dukani. Muuza duka alikuwa ananyoosha shati lake nyuma ya kaunta. Pasi ilipotoa mvuke, mtoto alijikojolea pale pale, amesimama. Muuza duka ndiye aliyeniambia kwamba ataondoka na baba yake. Kinyozi anasema ghalani hakuna anayemhukumu msemaji. Nikasema basi huko ndiko nitakakosema, bila jina, na mtaa utajua, na wewe utajua.

Nimesikia barua uliyomwandikia imamu. Ni haki yako. Ndoo nimekwisha zirudisha msikitini. Lakini karatasi ya hakimu, nakuomba kwa Mungu aliyetuumba, usiisaini.

Mwoshaji


Jumatatu, 21 Machi

Mdogo wangu,

Bismillahi. Sina salamu ndefu.

Nakuwekea ndani barua ya mwoshaji. Nimeisoma nikiwa nimesimama.

Nimemwita mtoto. Sikumuuliza lolote kuhusu baba yake, sikuweza. Nilimwambia tu kwamba Jumatano hatuendi kokote. Akauliza, "Na Alhamisi?" Nikasema hapana. "Na Ijumaa?" Alipitia siku zote saba, moja moja, kisha akaenda kulala mchana kweupe, na akalala kwa muda wa saa sita.

Mkono wangu huu wa kulia nimeuosha kwa majivu. Kila Ijumaa, kwa miaka kumi, mdomo ule umeugusa.

Sasa nijibu. Ulisema nisikuulize mengi. Nakuuliza moja. Ulijua?

Kaka yako


Jumamosi, 26 Machi

Kaka,

Nilijua.

Binti yako aliniandikia miaka mitatu iliyopita, na katika mstari wa kwanza aliniapisha nisikwambie. Nikaapa kabla ya kusoma mstari wa pili. Huo ndio upumbavu wangu, na usinifariji. Mimi niliyekucheka kwa kuogopa kamasi nilishindwa na karatasi. Nilimwandikia avumilie, wanaume wengine hutulia wakizeeka. Mkunga mzima! Nimewahi kuamuru wanaume watoke chumbani na wakatoka, lakini wa kwake nilimwacha humo.

Sasa nitakwambia lililobaki, maana nimechoka kulala nalo. Mara ya kwanza alipokimbilia kwako unaikumbuka. Alikaa jikoni, mtoto ana miaka mitano, akasema, "Baba, simuwezi." Ukamwambia kijana yule umemlea mwenyewe, anamjua Mungu. Ukabeba kifurushi chake, ukamshika mtoto mkono, ukawarudisha kwa miguu yako.

Mara ya pili hukujua kwamba alikuja. Alipitisha karatasi chini ya mlango, kama mtu baki, kwa mwandiko aliougeuza. "Mke anayeumizwa na mumewe ana ruhusa ya kuondoka?" Aliniambia, "Shangazi, huenda Baba akawa mwadilifu zaidi kwa mtu asiyemjua." Jibu lako alinitumia mimi nimhifadhie. Ninalo hapa. Umeandika: "Avumilie. Malipo ya mwenye kuvumilia hayapotei."

Neno moja ulilihitaji, kaka. Ungeuliza tu, "Anaumizwaje?"

Sitii chumvi kwenye kidonda. Nakwambia kwa sababu tukilibeba wawili kimya kimya litanuka tena, na mtoto bado yumo humo ndani. Hakimu hatasikiliza karatasi zisizo na majina. Tafuta watu wenye sauti.

Mdogo wako


Jumatano, 13 Aprili

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ambaye kwake hakuna swali lisilo na mwenyewe.

Kwa mdogo wangu, mkunga. Amani iwe juu yako. Barua hii anakuletea mjukuu wetu kwa mkono wake mwenyewe. Imamu na mkewe wanasafiri naye mpaka mlangoni kwako. Niruhusu nikueleze kwa utaratibu, kwa maana umri wangu hauwezi kukimbia hata katika kuandika.

Alhamisi, tarehe 31, nilikwenda ghalani. Kinyozi aliponiona hakufanya mzaha. Nilisimama. Nilitaja jina langu, jina la binti yangu na jina la mume wake. Nilisema jinsi nilivyobeba kifurushi. Nilisoma kwa sauti maswali yote mawili na majibu yote mawili. Kisha nikasema kwamba mwosha maiti husitiri umbile la maiti na mapungufu yake, lakini dhulma ya aliye hai si umbile la aliyekufa, na kwamba mimi nilijua tofauti hiyo tangu nikiwa na miaka ishirini, na sikuitaja kwa sababu kuitaja kungenilazimu kufungua mlango. Nikamwomba mwoshaji msamaha mbele yao, nikamwomba imamu amrudishie ndoo zake.

Nilingoja wanitukane. Nilitamani wanitukane. Wakasema, "Tumesikia." Sijapata kuonja neno chungu kama hilo.

Sikuwa nimekaa sawasawa aliposimama mwoka mikate, ambaye ukuta wake umeungana na ukuta wa fundi. Alisema: "Yangu ni hii. Nilikuwa nikisikia mwanamke analia upande wa pili, nawasha mashine ya kukandia unga, hata kama sina unga." Akakaa. "Tumesikia." Akasimama mwalimu wa darasa la mtoto: "Mwanafunzi wangu alichora nyumba, ndani yake akachora pasi, pasi kubwa kuliko mlango. Nilimpa alama nane, nikamwambia ajifunze vipimo." Akafuata muuza duka. Akafuata hata muuza nyama, ambaye aliwahi kumwona binti yangu akinunua mafuta ya kupaka majeraha ya moto mara tatu katika mwezi mmoja, na akamtania, "Dada, jiko lako lina meno?"

Mdogo wangu, hatukuwa watu wa kutazamika alasiri ile. Kila mmoja alitoa kipande chake, na vipande vilipokaa pamoja, maiti alikuwa katikati yetu, na uvundo ulikuwa wetu sote. Na bado ninachukia kulia mbele za watu. Nililia. Muuza nyama alinipa kitambaa chake, kikiwa na harufu ya mafuta ya kondoo, nikakipokea.

Shauri la tarehe 28 niliomba liahirishwe, na jana tulikwenda kwa hakimu, watu kumi na wanne. Mkwe alifika akiwa amevaa suti aliyoishona mwenyewe. Aliponiona aliinama aubusu mkono wangu, nikaurudisha nyuma ya mgongo. Akatabasamu, akasema taratibu ili nisikie mimi peke yangu, "Mwalimu, kwani si wewe uliyenirudishia?" Ni kweli. Nikamwambia ayaseme hayo kwa sauti, hakimu ayaandike. Hakuyasema. Niliyasema mimi.

Walitoa ushahidi mmoja baada ya mwingine, kila mtu kwa jina lake. Mwoshaji alizungumza wa mwisho. Hakimu ameamuru mtu yule asimkaribie mtoto, na suala la binti yangu limepelekwa polisi. Atakavyohukumiwa hapa duniani sijui. Ninachojua ni kwamba mtoto hatapanda gari moja naye.

Kisha hakimu akamwita mtoto karibu, akamuuliza angependa kuishi na nani. Niliketi wima. Nilikwisha mnunulia meza ya kusomea.

Akasema, "Na bibi mkunga."

Hakimu akamuuliza, "Si na babu, ambaye unaishi naye sasa?"

Akasema kwa sauti ambayo watu wote kumi na wanne waliisikia: "Babu si mtu mbaya. Lakini Mama alikuja kwa Babu, na Babu akanishika mkono, akaturudisha. Mimi nilikuwepo."

Hakimu alinigeukia akauliza kama nina pingamizi. Nilisimama nikasema sina, nikatia saini.

Basi mpokee. Begi lake lina nguo za mwaka mzima na michoro ambayo mwalimu wake ameirudisha. Hapendi kulala mlango ukiwa umefungwa. Pasi usiitumie akiwa nyumbani. Akikwambia jambo, liwe dogo namna gani, acha ulichoshika, mtazame usoni, umuulize lilikuwaje. Mimi Alhamisi nitakuwa ghalani, benchi la nyuma, kwa maana nimesema mengi mno maishani na sasa ni zamu yangu kusikia. Chini ya mlango wangu nimegongomea ubao. Mwenye swali na abishe hodi.

Mwenyezi Mungu aibariki nyumba yako inayompokea yatima, aujaze ukumbi wake kwa sauti ya mtoto, akulinde wewe na kila anayekula chini ya dari lako, na awape nyote usingizi usio na hofu. Na siku mtoto huyo atakapotaka kuniandikia, ikiwa itafika, Mungu anikute ningali hai.

Kaka yako